Hatua Moja au Mbili?

Katika watoto wapatao 5,000 wanaozaliwa, mmoja huwa na ugonjwa wa Hirschsprung: sehemu ya chini ya utumbo mpana haina seli za fahamu, choo hakisogei, tumbo hufura. Dawa ya kuharisha haiuponyi; sharti sehemu hiyo ikatwe.

Swenson alionyesha njia mwaka 1948, Duhamel na Soave wakafuata na zao, na madaktari hawajaafikiana ipi iliyo bora. Tangu 1998 utumbo waweza kuvutwa kupitia njia ya haja kubwa, pasipo kupasua tumbo. Hatua hiyo moja humfaa mtoto aliyegunduliwa mapema, penye maabara ya kupima kinyama cha utumbo. Aliyechelewa, utumbo ukiwa umetanuka, aghalabu hutobolewa kwanza tundu la choo tumboni, ndipo apasuliwe tena.

Kwetu visiwani, hatua mbili ni nauli za chombo maradufu na miezi ya kuhangaikia mifuko ya choo. Kwa hiyo twaiomba Serikali ianzie kwa wakunga: mtoto asiyepata choo ndani ya saa 48 apelekwe hospitali mara moja. Methali ya kawia ufike haina nafasi hapa.