Denge Aletwe Songea

Wapo walimu na watumishi wa umma, Songea kama kwingineko nchini, ambao wakisikia filamu yenye makachero, gereza na mtoro, hukunja uso. Kwao hayo ni mambo ya vibanda vya video, hayastahili kuingia darasani. Kasumba hii haina budi kupingwa bila kigugumizi.

Tazama Vuta N'Kuvute. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu chini ya Kijiweni Productions ya Dar es Salaam, bila studio kubwa nyuma yake. Ilioneshwa Toronto, Kanada, mwezi Septemba mwaka huohuo, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar. Basi watu wa Toronto wamekwisha kumwona Denge. Mwanafunzi wa Songea, aliyekesha na kitabu hicho apate kufaulu mtihani, atamwona lini?

Atatokea mtu aseme kwamba Denge si jambazi. Naam, hapo ndipo penye kiini. Katika Unguja ya miaka ya 1950, Denge anaandamwa na kutiwa ndani kwa sababu anataka nchi yake iwe huru. Mbele ya sheria ya mkoloni yeye ni mhalifu kamili, mwenye jalada, pingu na selo. Yasmin naye, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, kosa lake ni kumkimbia mume huyo.

Watu wa Songea hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo hapo mashujaa wa Vita vya Majimaji, Nduna Songea Mbano akiwa mmoja wao, nao waliitwa waasi. Mji mzima unabeba jina la mtu aliyehukumiwa kitanzi!

Na huko vibandani vijana wanafundishwa nini? Kwamba shujaa ni mwenye bastola na fedha nyingi. Wenye kamera wana ghala lao nyumbani: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974). Hawana sababu ya kuiga wezi wa benki wa Chicago.

Hoja kwamba filamu itawafanya wanafunzi wavivu wa kusoma ni dhaifu. Filamu ya saa moja na nusu haikuweza kubeba riwaya nzima. Atakayeitegemea peke yake ataumbuka kwa swali la kwanza. Mwalimu hodari atauliza kipi kimeachwa, na kwa nini.

Shule za sekondari za Songea zina mabwalo. Projekta moja, shuka nyeupe na kibali cha wenye filamu vyatosha. Ofisa atakayesema fungu halipo, aonyeshe kwanza barua aliyoandika kuomba kibali hicho.