Afya ya familia Uluguru: Moyo wa kujitolea pekee hautoshi

KATA ya Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, imekaa chini ya Milima ya Uluguru. Mgonjwa wa hapo hasafiri mbali kuifikia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Lakini kwa mjamzito anayeishi milimani, katika vitongoji vya Kinole au Matombo, umbali huhesabiwa kwa saa za kuteremka kwa miguu, na masika yakianza njia huteleza hata pikipiki zikashindwa kupanda.

Kwa familia kama hiyo, huduma ya kwanza ni mtu wa kijijini anayebisha hodi, anayejua nani ana mimba na mtoto yupi hajapata chanjo. Ndiyo maana mpango wa Taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unastahili kutazamwa kwa makini.

Mpango huo ulizinduliwa Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango. Lengo ni kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kwa gharama ya karibu Sh bilioni 900. Hesabu yake ni nyepesi: wahudumu wawili kwa kila mtaa na kila kitongoji nchini.

Hapo ndipo swali la kwanza linapoanzia. Mtaa wa Kilakala, ambako nyumba zimekaribiana, utapata wahudumu wawili. Kitongoji cha mlimani, ambako kutoka kaya moja hadi nyingine ni kupanda na kushuka, nacho kitapata wawili. Idadi ni sawa, lakini kazi si sawa.

Morogoro si mgeni wa mambo haya. Katika miaka ya 1990, wilaya ya Morogoro Vijijini pamoja na Rufiji zilichaguliwa kwa mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani.

Majibu yaliwashangaza wengi. Malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia tano tu ya bajeti ya afya ya wilaya. Fedha zilipoelekezwa kwenye maradhi yanayoua, vyandarua vikasambazwa na watumishi wakafundishwa kumtibu mtoto kwa ujumla wake badala ya kutazama ugonjwa mmoja mmoja. Wanavijiji nao walijitokeza kukarabati zahanati zao.

Hadi mwaka 2003, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufika dola mbili za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka.

Hata hivyo, mkoa huo huo unatoa na onyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wahudumu wa kujitolea walifundishwa kwa wiki chache, kwa kawaida wawili kwa kijiji, ili wawatembelee wajawazito na watoto wachanga. Watafiti waliozungumza nao walikuta watu wenye ari, wanaojivunia kuaminiwa na majirani. Lakini walikuta pia malalamiko ya aina moja: hakuna malipo, na shamba linasubiri.

Malalamiko hayo si uchoyo. Mkulima wa Uluguru anayeacha jembe siku mbili kwa wiki anatoa mchango unaopimika kwa magunia. Taifa likimwomba atoe mchango huo miaka yote, linamfanya maskini kuwa mfadhili wa afya ya umma.

Ni kweli kwamba hatua kubwa zimepigwa. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mfumo wa m-mama, ambao mjamzito au mzazi mwenye dharura huupata kwa kupiga namba 115, huwatumia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Lakini utafiti huo huo ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu hautibiwi kwa simu ya dharura. Unahitaji mtu wa kumfuatilia mtoto mwezi hadi mwezi, nyumbani kwao.

Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya afya ikatikisika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Posho ya mhudumu wa kijiji ikisubiri fadhila ya wahisani, itakoma siku wahisani watakapoondoka.

Halmashauri zinao uwezo wa kuzuia hilo. Ziiweke posho hiyo katika bajeti zake, kwenye kifungu kisichohamishwa. Zipange idadi ya wahudumu kwa kuangalia mwinuko na umbali, si kwa hesabu ya vitongoji pekee. Na zitumie takwimu wanazokusanya wahudumu hao kupanga fedha, kama ilivyofanyika Morogoro Vijijini. Madiwani wanaopitisha bajeti ndio wa kuulizwa.