Binti mkimya naye aangaliwe

Mvulana mwenye usonji akifanya fujo darasani, hata kama ataanza kwa kuchapwa, mwishowe kuna mtu atauliza ana nini. Binti mwenye hali hiyohiyo hukaa kimya dawati la nyuma, akasifiwa kwa adabu. Sifa hizo zinamchelewesha.

Kasoro hii ni ya zamani. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipochapisha maelezo yake maarufu kuhusu usonji, alieleza habari za watoto 11: wavulana 8, wasichana 3. Tangu hapo, usonji ukitajwa, wengi humfikiria mtoto wa kiume. Tafiti za karibuni zinakadiria wavulana watatu kwa msichana mmoja, na wataalamu wanakubali kwamba wasichana wengi hawagunduliki. Mwingine huwatazama wenzake na kuwaiga: wakicheka naye anacheka, hata kama hajajua kinachochekesha. Akirudi nyumbani, nguvu zimemwishia, analia na hawezi kueleza kinachomliza.

Dalili nyingine mama huziona siku ya kusukwa. Chanuo likigusa tu nywele, mtoto anapiga mayowe na kujitupa chini. Msusi anasema anadeka, shangazi anataka achapwe. Jamani, mtoto huyu hadeki. Mguso ambao dada yake hausikii kabisa, yeye unamuumiza kweli. Ndiye huyohuyo asiyekula wali uliomwagiwa mchuzi, anayeziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa, anayeweza kupanga vizibo vya soda kwa rangi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Anyolewe nywele, aachwe apumzike.

Dalili moja pekee haithibitishi kitu. Lakini zikikusanyika, apelekwe hospitali, asipelekwe kwa mganga. Hakurogwa, wala si malezi mabaya ya mama yake, wala si chanjo. Na mzazi mwenye mtoto mmoja mwenye usonji awaangalie pia wadogo zake, wa kike kwa wa kiume: utafiti uliofuatilia familia za namna hiyo, nyingi za Amerika Kaskazini, ulikuta mdogo mmoja hivi kati ya watano naye anao.

Kwa binti kuna jambo jingine ambalo familia nyingi zinaona haya kulisema. Tunamfundisha kumtii kila mkubwa, atoe mkono, akae alipoambiwa. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata, na aliyezoeshwa kutokataa, ni rahisi kwa mwovu kumdhuru. Afundishwe mapema, kwa picha na kwa kurudiarudia, sehemu za mwili wake zisizoguswa na mtu, na jinsi ya kukataa, hata kama anayemgusa ni mjomba. Hedhi nayo aelezwe kabla haijaja, ashike pedi, aizoee. Damu ya ghafla inamtisha mtoto yeyote. Huyu itamvuruga kwa siku kadhaa.

Mahali pa kuanzia tunapo: kliniki ya mama na mtoto, ambako wengi wa watoto wetu hupitia. Mtoto wa mwaka mmoja, je, anageuka akiitwa jina? Wa mwaka na nusu, ananyoosha kidole kuonyesha kitu? Maswali haya hayahitaji mashine wala bajeti. Wauguzi, tunawaomba: muulizeni kila mama kabla hamjamshusha mtoto kwenye mizani, na akiwa wa kike msikubali kuambiwa kwamba ni mpole tu.