Mkopo Una Msimamizi, Bima Yake Je?

Desemba iliyopita nilikuwa msibani Kibosho. Marehemu, jirani yetu wa miaka mingi, alikuwa amekopa kwa taasisi moja ya mikopo mjini Moshi ili anunue ng'ombe wa maziwa. Siku ya kupokea fedha alikatwa ada ya fomu, kisha akakatwa na ya "bima". Baada ya mazishi mjane wake alinionyesha karatasi zote zilizokuwa kabatini. Neno bima lilikuwamo mara moja tu, na mbele yake tarakimu. Hapakuwa na jina la kampuni ya bima, namba ya mkataba, wala maelezo ya namna ya kudai. Taasisi ilimtaka alipe deni lililosalia, la sivyo ng'ombe achukuliwe.

Kikundi cha kufa na kuzikana cha kijijini hakijasoma sheria yoyote ya bima. Hata hivyo, kabla maiti haijatoka hospitali, kilikuwa kimekwisha leta turubai, mchele, sukari na fedha za jeneza. Kila mwanachama anajua anachanga kiasi gani, atapata nini, na mweka hazina ni nani. Hiyo nayo ni bima, ingawa hatuiiti hivyo.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu leo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) pamoja na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Miaka tisa baadaye, mwaka 2018, Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Sheria hiyo iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne chini ya Benki Kuu. Usimamizi wa SACCOS ukakasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ule wa vikundi vya kijamii kwa serikali za mitaa. Hata VICOBA inayokutana chini ya mti inatakiwa kusajiliwa. Hayo ni mageuzi makubwa, nami nayaunga mkono.

Tatizo ni kwamba mkopo na bima yake, vinavyotolewa dirisha moja siku moja, vina wasimamizi wawili. Mkopo huangaliwa na Benki Kuu, bima huangaliwa na TIRA, na mkopaji hubaki katikati.

Wapo watakaosema kwamba kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019, na kwamba mwenye malalamiko ana pa kwenda. Ni kweli. Lakini mlalamikaji lazima kwanza ajue anamlalamikia nani. Mjane asiyejua hata jina la kampuni ataanzia wapi?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mkopeshaji asiruhusiwe kukata fedha ya bima bila kumpa mkopaji hati ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye jina la kampuni, kinachokingwa na njia ya kudai. Pili, mkopeshaji aliyepokea fedha ya bima asipoiwasilisha, hasara iwe yake, asimdai mfiwa. Tatu, Benki Kuu na TIRA ziwe na utaratibu mmoja wa kupokea malalamiko ya bima za mikopo, hadi ngazi ya halmashauri.

Watoa mikopo watalalamika kwamba mkopo mdogo haubebi gharama ya karatasi. Lakini mkopo huohuo umebeba ada ya fomu na makato ya bima. Ukurasa mmoja hautauangusha.

Wala sisemi vikundi vya kufa na kuzikana vifanywe makampuni. Nasema watunga sheria wajifunze kwavyo: mchangaji ajue anachangia nini, na ahadi itimizwe siku ya msiba.

Ng'ombe yule bado yupo zizini. Kila alfajiri mama hukamua na kupeleka maziwa sokoni, apate fedha ya kulipia deni ambalo mumewe aliamini amelikatia bima.