MWENYE MAWAZO TUMWULIZE KWANZA YALIYOMPATA

Huku kwetu pwani, kutoka Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, ni nadra kusikia mtu akisema kwamba jirani yake ana ugonjwa wa sonona. Watu husema, "Ana mawazo." Mama halali usiku, asubuhi kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti, na watoto wakimsemesha hulia au huwafokea. Wenzake wanapeana ishara: mwacheni, ana mawazo. Sisi tunalipenda neno hilo, kwa sababu linakiri kwamba kuna jambo mtu huyo analiwaza. Linalokosekana ni swali la pili: jambo gani?

Aghalabu maswali yanayoulizwa ni mengine kabisa. Amerogwa na nani? Ana shetani gani? Na kwetu sisi wa kanisani: mbona siku hizi haonekani jumuiya, au imani imelegea? Basi kuku na fedha huenda kwa mganga wa kienyeji, au nauli hukopwa kwa safari ya maombezi ya mbali, na nyumba iliyokuwa na deni moja inakuwa na madeni mawili. Hatukatai sala, na mgonjwa yeyote anastahili kuombewa. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya maradhi haya huota katika hali ya maisha, na asiyeitazama hali hiyo hawezi kuyatibu vizuri.

Tutazame mwaka wa mkulima wetu. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, na minada ya korosho huanza Oktoba. Miezi ya mvua mwanzoni mwa mwaka ghala huwa tupu, na ndipo zinapotakiwa sare na madaftari ya shule, fedha ya vibarua wa palizi na fedha ya dawa za homa. Wakati huo huja mtu wa kangomba, akiwa na noti mkononi, akanunua kwa bei ya kutupwa zao ambalo bado liko shambani. Baba anapokea, watoto wanakula. Msimu ukifika anachuma korosho ambazo si zake. Anayeamka kila alfajiri kwenda kufanya kazi ambayo malipo yake yamekwisha kuliwa, tusishangae akishindwa kuamka.

Mijini jambo hilo lina jina jingine. Mikopo ya haraka yenye riba kubwa watu wenyewe wameiita "kausha damu", na waliolibuni jina hilo wamewapita wataalamu wengi kwa kueleza ugonjwa. Mama anakopa ili aongeze mtaji wa maandazi, mume yuko dago na wavuvi wenzake kwa miezi, samaki hawakupatikana, na siku ya marejesho godoro na masufuria yanatolewa nje majirani wakitazama. Aibu ile humwumiza kuliko hata hasara. Tangu siku hiyo hapiti njia ya sokoni, haendi msibani, haendi jumuiya. Ndipo tunaposema imani imelegea.

Kusubiri nako huumiza. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini tumbo halili bei. Wakulima wengi walisubiri fedha zao hadi ndani ya mwaka 2019. Ajuaye kwamba atapata kidogo tarehe fulani hupanga mambo yake, akalala. Asiye na tarehe hulala akihesabu.

Halafu kuna maji. Januari 2020 mafuriko yaliua watu mkoani Lindi na kuwaacha maelfu bila makazi, wengi wao wilayani Kilwa. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini wilayani Kilwa. Aprili 2025 maji yakakata tena pale Somanga. Wazee wanaokumbuka miaka ya kabla ya daraja la Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukitegemea pantoni, wanajua maana ya kufungiwa huku. Katika maafa ya namna hii unga na mablanketi hugawiwa, na ni jambo jema. Lakini miezi sita baadaye, unga umekwisha, nani humwuliza baba aliyepoteza shamba na nyumba kama anapata usingizi? Na mgonjwa anayetumia dawa za akili za kila siku, barabara ikikatika na dawa zikamwishia, anaweza kurudi alikotoka.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu, wala si ya maskini wa Afrika tu. Mwaka 1978 watafiti wawili, George Brown na Tirril Harris, walichapisha kitabu kuhusu wanawake wa mtaa wa Camberwell huko London. Waliona kwamba wengi walioshikwa na sonona walikuwa wamepatwa kwanza na pigo kubwa la maisha, kama kufiwa, kuachwa au kupoteza makazi. Na walioanguka zaidi ni wale waliokuwa na watoto wadogo wengi nyumbani, wasio na kazi ya nje, na hasa wasio na mtu wa karibu wa kumweleza siri zao. Umaskini mtupu haukutosha kumwangusha mtu. Umaskini na upweke pamoja ndivyo vilivyomwangusha. Mama wa mvuvi aliyebaki peke yake Kilwa Masoko angemwelewa yule wa London bila mkalimani.

Karibu na kwetu kuna mfano ambao tungependa parokia zetu ziuige. Zimbabwe, mwaka 2005, serikali ilibomoa vibanda na masoko mijini, na watu wapatao 700,000 wakapoteza makazi au riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare, pamoja na akina bibi 14. Hakuwa na wataalamu wala majengo, kwa hiyo aliweka benchi nje ya zahanati. Bibi hukaa na mgonjwa hapo, akamsikiliza, kisha wakachagua pamoja tatizo moja tu kati ya mengi na kupanga hatua ya kwanza ya kulishughulikia. Washona nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na akina bibi walilitumia hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi hawakufika 15 katika 100, na katika kundi jingine walikuwa karibu 50.

Sasa sisi, tuna jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba, na tuna akina mama wa WAWATA ambao wamezika, wamelea na wamesuluhisha. Benchi tunalo. Lakini mara ngapi nusu ya mkutano huishia kwenye michango? Katika baadhi ya jumuiya majina ya wasiolipa husomwa mbele ya wote. Tunaomba viongozi waliache jambo hili, maana mwenye deni tayari ametajwa vya kutosha huko nje. Asiyelipa miezi mitatu atembelewe na watu wawili wasio wasengenyaji, na daftari libaki nyumbani. Jirani zetu Waislamu, walio wengi katika pwani hii, wana desturi zao za kujuliana hali, na mgonjwa wa mtaa ni wa mtaa wote.

Si kila ugonjwa wa akili hutokana na shida za maisha. Mwingine huwa katika ukoo, mwingine hufuata uzazi, mwingine hutokana na pombe au maradhi ya mwili. Kwa hiyo, dalili zikizidi wiki mbili, au mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe zahanati, na kutoka huko hospitali, iwe Kinyonga kule Kivinje, Sokoine mjini Lindi au Nyangao. Dawa zipo na zinasaidia. Zitasaidia zaidi ikiwa anarudi katika nyumba ambamo deni lake limekwisha kuzungumzwa.

Kuna familia ambazo zimempoteza mtu kwa kujitoa uhai, na baadaye zikabeba lawama za majirani juu ya msiba. Wanaolaumu wasome Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283. Inaeleza kwamba maradhi mazito ya akili, au hofu kubwa ya taabu, vinaweza kupunguza wajibu wa mtu huyo, na kwamba Kanisa humwombea.

Mtu akisema amechoka kuishi, au ni afadhali asingekuwepo, tusimkemee wala tusicheke. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake usiku huo, na kesho yake asindikizwe hospitali. Na dawa za kupulizia mikorosho, ambazo nyumba nyingi huziweka chini ya kitanda, zitolewe leo hii, zikafungiwe kwa kufuli kwa jirani au katika ghala la chama cha msingi. Kisiwa cha Sri Lanka kilipopiga marufuku viuatilifu vikali kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vifo vya namna hii vilipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa shida za wakulima hazikuwa zimekwisha.