Maji ya bomba kwenye kompyuta? Acheni jamani!

Wadau, leo nina hasira. Nimerudi likizo Kahama, nakuta kompyuta ya bro, ile ya steshenari inayonilipia ada, imekufa. Eti fundi wa mtaani aliifungia mfumo wa kupoza kwa maji: rejeta ya aluminiamu, kipande cha shaba juu ya prosesa, halafu maji ya bomba! Shaba na aluminiamu zikikutana kwenye maji yenye chumvichumvi, aluminiamu inaliwa. Rejeta ikatoboka, mazabodi ikaloa. Kwisha habari.

Tusidanganyane. Maji hayatengenezi baridi, yanabeba joto tu kulipeleka kwenye rejeta. Chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa haishuki chini ya hapo. Na vumbi letu likiziba rejeta, umerudi palepale. Brashi na feni mpya vingetosha kabisa!

Unang'ang'ania? Basi tafuta rejeta ya shaba, weka maji ya betri (siyo asidi!), zungusha pampu peke yake saa 24 uone kama panavuja, ndipo uwashe kompyuta.

Mtasema nawavunja moyo wabunifu. Sawa, ila jaribuni kwenye mashine zenu. Ada ya semesta ijayo sijui natoa wapi.

Nawasilisha.