Nambari ya Simu Si Mtu!

Leo nina ugomvi, na ninaogombana nao ni wasanidi programu wenzangu.

Tangu M-Pesa izinduliwe Machi 2007, nambari ya simu imekuwa pochi, anwani na karibu jina la pili la Mkenya. Karo, mkopo, kodi ya nyumba, vyote hupitia humo. Basi wenzangu wakaona njia ya mkato: kwenye jedwali la wateja, nambari ya simu ndiyo ufunguo mkuu. Nambari moja, mteja mmoja, kazi kwisha!

Kwisha wapi? Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huichukua na kuiuza upya. Mwenye laini mpya anapokea ujumbe: lipa deni lako kabla ya Ijumaa. Deni silo lake, wala mdaiwa hamjui. Hilo ni la kucheka bado. Je, ukiwa ni ujumbe wa zahanati wenye majibu ya vipimo vya mtu mwingine?

Tena, kijijini simu moja hutumiwa na nyanya, mjukuu na jirani. Mjini mtu mmoja ana laini mbili au tatu. Kwa hivyo uhusiano wa watu na nambari ni wa wengi kwa wengi. Ukiuandika kama mmoja kwa mmoja, hifadhidata yako inasema uongo, tena kwa kasi ya ajabu!

Jukwaa la data za wateja huongeza chumvi kwenye kidonda. Kazi yake ni kukusanya rekodi za duka, tovuti na huduma kwa wateja, kisha kuziunganisha kwa vitambulisho vinavyolingana. Watu wawili wakiwa na nambari moja, jukwaa linaweza kuwafanya mtu mmoja. Nyanya anashawishiwa kununua viatu vya kandanda, na mjukuu ananyimwa mkopo kwa sababu ya deni la jirani.

Ukiwaambia wabadilishe muundo, jibu ni lile lile: "Mfumo unafanya kazi, usiuguse." Unamfanyia nani kazi? Programu kutozimika si ushahidi kwamba inasema kweli.

Dawa yenyewe si uchawi. Edgar F. Codd alituwekea msingi wa majedwali yenye uhusiano mwaka 1970. Mpe kila mteja ufunguo usio na maana yoyote nje ya mfumo. Nambari ziweke kwenye jedwali lake. Katikati weka jedwali la tatu: mteja yupi, nambari ipi, kuanzia lini, hadi lini, na kama yeye ni mwenye laini au mtumiaji tu. Laini ikiuzwa upya, unafunga safu ya zamani na kufungua mpya. Historia inabaki, na deni linabaki na mwenyewe.

Usibomoe nyumba watu wakiwa ndani. Ongeza majedwali mapya, andika data pande zote mbili kwa muda, linganisha matokeo, hamisha ripoti moja moja, kisha ndipo uuondoe muundo wa kale.

Na msingoje! Kwenye Adobe Experience Platform, kwa mfano, skima ikishapokea data huruhusiwi kufuta uga wala kubadilisha aina yake. Unaruhusiwa kuongeza tu. Anayekimbilia kumwaga data kabla ya kufikiria uhusiano wake atajenga upya kwa gharama mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishatuonya.

Wakubwa wanaosema hakuna bajeti, nawakumbusha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inataka data za watu ziwe sahihi, na inampa mwananchi haki ya kudai zisahihishwe. Utamsahihishiaje mtu ambaye jedwali lako haliwezi kumtenganisha na jirani yake?

Nambari ni kitu ambacho mtu anacho leo, na kesho huenda asiwe nacho. Mtu mwenyewe hauzwi upya dukani. Msanidi, kabla ya kuchora mshale kati ya majedwali mawili, uliza kwanza huku mtaani watu wanaishi vipi.